Mshambuliaji Asichague Chuo kwa Jina

Wiki iliyopita niliandikiwa na msichana wa Malindi ambaye amemaliza Kidato cha Nne na anacheza namba tisa. Vyuo viwili vya Marekani vimemwonyesha nia. Kimoja kinajulikana hata na watu wasiotazama soka, na kocha msaidizi wa hapo amemtumia ujumbe mmoja wa kumpongeza. Cha pili kiko katika mji ambao ilimbidi autafute kwenye ramani, lakini kocha mkuu wake amezungumza naye kwa simu zaidi ya mara moja na akaomba kuzungumza na mama yake pia. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, niende wapi?" Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba aende kule atakakocheza. Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jibu hilo na kuona kwamba halimtoshi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na swali kama lake nilipokuwa na umri wake, na hakukuwa na mtu wa karibu wa kunieleza yale ninayoyajua sasa.

Najua pia kwamba hayuko peke yake. Mwaka 2024 Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la ngazi yoyote, na tangu wakati huo wasichana wanaoniandikia wameongezeka. Wengi wao ni washambuliaji. Basi haya nawaandikia ninyi mnaocheza mbele, kwa kuwa njia ya beki au kipa ina mambo yake mengine ambayo sikuyapitia.

Mimi nimemaliza kuchezea chuo. Msimu wangu wa mwisho ulikwisha Novemba nikiwa mfungaji bora wa ligi ya kanda yetu katika Divisheni ya Pili ya soka ya vyuo vya Marekani, na sasa ninasoma shahada ya uzamili katika chuo hicho hicho huku nikimsaidia kocha kuwafundisha washambuliaji. Nayasema haya kwa fahari, kwa sababu kuna walioniambia kwamba sitafunga bao lolote la maana katika nchi hii, na mmoja wao alikuwa mtu anayelipwa mshahara kunifundisha kufunga.

Nilianzia Kilifi. Sisi wa Kilifi tulikuwa na bahati, kwani shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwaandalia wasichana soka tangu mwaka 2001, kwa hiyo sikulazimika kupigania ruhusa ya kuvaa njumu kama walivyopigania dada zetu waliotutangulia. Mama hakunizuia hata siku moja. Bibi ndiye aliyelalamikia makovu ya magoti yangu, na alilalamika hadi siku niliyopanda ndege. Miaka ya sekondari naipita, kwa sababu haina jambo ambalo hamlijui: nilifunga, nilisoma, nilifaulu, na mwalimu wa michezo alinirekodi kwa simu yake hadi tukapata picha za kutosha kuwatumia makocha.

Kabla sijaendelea, ni vyema mfahamu kwa nini vyuo vya Marekani vinamlipia msichana wa mbali aje acheze mpira, maana wengi hudhani ni ukarimu. Mwaka 1972 nchi hii ilipitisha sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vilivyokuwa na timu kubwa za wanaume vililazimika kuwatafutia wanawake michezo yenye nafasi nyingi, na soka ikafaa kwa kuwa timu moja huchukua wachezaji wengi na haihitaji vifaa vya gharama kubwa. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa wanawake chini ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalichezwa mwaka 1982 na kutwaliwa na chuo cha North Carolina. Leo Divisheni ya Kwanza peke yake ina timu zaidi ya 300. Kuna Divisheni ya Pili, kuna ya Tatu ambayo haitoi ufadhili wa michezo, kuna vyuo vya NAIA, ambacho ni chama kingine, na kuna vyuo vya miaka miwili vya NJCAA. Msichana wa kwetu anaposikia habari za soka ya chuo Marekani, huwaza zile timu chache zinazoonyeshwa kwenye televisheni, na ndipo taabu inapoanzia.

Chuo changu cha kwanza kilikuwa miongoni mwa hizo chache, na sitakitaja. Kocha aliyenitafuta aliniambia mambo mawili kwa simu: kwamba nitacheza katikati ya safu ya mbele, na kwamba nitacheza tangu mwaka wa kwanza. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimelelewa kuamini hivyo. Nilifika mwanzoni mwa Agosti kwa ajili ya maandalizi ya msimu. Siku ya kwanza tulipimwa mbio kabla jua halijachomoza, juu ya nyasi bandia zilizolowa umande, kwa milio ya kifaa kinachoharakisha kila baada ya muda mfupi, na aliyeshindwa kufika kwenye mstari mara mbili alitolewa kando. Nilipita. Tulipoingia katika chumba cha kubadilishia nguo nilikuta ubao wa sumaku ambao kila mchezaji alikuwa na kipande chake chenye jina. Safu ya washambuliaji ilikuwa na vipande vingi kuliko safu nyingine yoyote. Changu kilikuwa cha mwisho chini, tena kimeandikwa kwa mkono kwa kalamu ya wino, kwa kuwa vilivyochapishwa vilikuwa havijafika. Kiliendelea kuwa cha mkono hadi msimu ulipokwisha.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi mshambuliaji anavyotumiwa katika vyuo. Sheria zake si zile za FIFA mlizozizoea. Saa ya uwanjani huhesabu kurudi nyuma, kutoka dakika 45 hadi sifuri, na husimamishwa bao linapofungwa. Mchezaji aliyetolewa katika kipindi cha kwanza harudi katika kipindi hicho, lakini anaweza kuingia tena katika cha pili, na akitolewa katika cha pili anaweza kurudishwa mara moja tu. Matokeo yake ni kwamba kocha huwachezesha washambuliaji kwa zamu. Watatu wa kwanza huwakimbiza mabeki kwa nguvu zao zote kwa dakika 20 au 25, kisha wanatoka na kuwapisha watatu wenye miguu mipya. Mechi nyingi hupangwa Alhamisi na Jumapili, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, na mabingwa hupatikana mapema Desemba, kwa hiyo msimu mzima wa kazi yako huminywa ndani ya miezi michache. Mshambuliaji aliyezoea kutulia na kuvizia kosa la beki, kama ligi za kwetu zilivyotufundisha wengi wetu, huonekana mvivu hata kama anafunga mazoezini. Tunavalishwa vesti ndogo zenye kifaa cha kupima mbio, na baada ya mazoezi kocha huona mita ulizokimbia kwa kasi kabla hajauliza umefunga mara ngapi.

Nilibadilika. Nilijifunza kukaba kuanzia juu, nikajifunza kufunga njia ya pasi ya beki kwa mwili wangu badala ya kuukimbilia mpira moja kwa moja, na katika mechi chache nilizoingizwa nilicheza winga ya kulia, mahali ambapo sikuwahi kucheza maishani mwangu. Nilitoa pasi za mabao. Katika takwimu za vyuo bao huhesabiwa pointi mbili na pasi ya bao pointi moja, kwa hiyo jina langu lilianza kuonekana kwenye orodha. Kisha mwishoni mwa mwaka wangu wa pili kocha aliyenileta akapata kazi mahali pengine na kuondoka, naye mrithi wake akaja na orodha yake.

Mkutano wetu ulikuwa mfupi. Aliniita ofisini Januari, baridi ikiwa kali. Alikuwa na kikombe cha karatasi mkononi na jina langu kwenye skrini, nalo alilitamka vibaya. Aliniambia kwamba timu inaelekea upande mwingine, kwamba amepata washambuliaji wawili wanaohamia kutoka vyuo vingine, na kwamba ufadhili wangu hautaongezwa mwaka utakapokwisha. Nilipomkumbusha niliyoahidiwa alisema kwamba hakuwa yeye aliyeniahidi. Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo bado unaniuma. Mimi nilikuwa nimekubaliana na chuo, ama ndivyo nilivyofikiri, kumbe nilikuwa nimekubaliana na mtu mmoja tu ambaye tayari alikuwa amefungasha virago.

Wanaonisoma wengi wana ndoto kama yangu, kwa hiyo nitawaeleza kilichofuata bila kukipamba. Mwanafunzi wa kigeni hana nafasi ya kukaa mwaka mzima nyumbani akijiuliza. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inakutaka uwe umesajiliwa masomo ya muda wote, yaani vizio (vipimo vya mzigo wa masomo) visivyopungua 12 kwa muhula, na ukihama chuo ni lazima faili lako la uhamiaji lihamishwe pia kwa wakati wake. Niliweka jina langu katika orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, ile ambayo makocha wa nchi nzima wanaweza kuifungua, nikijua kwamba kwa kufanya hivyo chuo kilikuwa na ruhusa ya kunifungia mlango muhula ukiisha. Siku za kwanza hakuna aliyeniandikia. Kisha wakaanza, wengi wakiwa wa Divisheni ya Pili, na nakiri kwa wasomaji wangu kwamba nililia, kwa sababu watu wote wa kwetu walikuwa wakilijua jina la chuo nilichokuwa nikikiacha na hakuna aliyelijua jina la kile nilichokuwa nikienda.

Ninalofahamu leo ni kwamba machozi yale hayakuwa na msingi. Rekodi ya mabao ya maisha ya chuo katika Divisheni ya Kwanza, mabao 118, ni ya Danielle Fotopoulos, naye alianza Southern Methodist kisha akahamia Florida, ambako mwaka 1998 alifunga bao pekee la fainali dhidi ya North Carolina. Mwenye rekodi yenyewe alihama chuo! Christine Sinclair wa Kanada, ambaye ana mabao 190 ya timu ya taifa, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke mwingine aliyeifikia, hakwenda chuo kikubwa kuliko vyote. Alikwenda Portland, chuo cha Kikatoliki cha jimbo la Oregon chenye wanafunzi wachache, na huko alifunga mabao yote mawili ya fainali ya mwaka 2002, kisha mwaka 2005 akafunga mabao 39 katika msimu mmoja, rekodi ya NCAA. Karibu zaidi na nyumbani, Sandra Nabweteme wa Uganda alicheza Southwestern Oklahoma State, chuo cha Divisheni ya Pili katika mji mdogo wa Weatherford, akafunga na kufunga, na kutoka huko akapata timu ya kulipwa Iceland. Kama ningeyajua mambo haya siku ile, ningefunga mizigo kwa uso mkavu.

Chuo changu cha pili kiko Kansas, mahali ambapo upepo hauna kizuizi na mpira wa juu hurudi ulikotoka. Kocha wake ni mama aliyekuwa mshambuliaji. Katika simu yetu ya kwanza hakuniahidi kitu. Aliniuliza kama napenda mpira ufike mguuni pangu au katika nafasi iliyo mbele yangu, na kama napendelea kumwona beki au kumhisi mgongoni. Hakuna kocha mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo, na nilijua kabla ya kukata simu kwamba nitakwenda kwake.

Alinifundisha jambo moja hasa, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu mabao yangu mengi yametoka humo. Krosi inapokuja kutoka kulia, mshambuliaji wa kwetu hukimbilia katikati ya goli na kusubiri. Yeye alinisimamisha nyuma ya bega la beki, mahali ambapo beki hawezi kuniona mimi na mpira kwa wakati mmoja. Hatua mbili za kwanza unazipiga kuelekea nguzo ya mbali, polepole na waziwazi, ili beki ageuze nyonga akufuate. Akishageuza tu, unasukuma ardhi kwa mguu wa nje na kukata mbele yake kwenda nguzo ya karibu, na mpira unaugusa kidogo tu, kwa kuwa kasi tayari inayo. Tulirudia baada ya kila mazoezi, wenzetu wakiwa wameshaondoka, na winga mmoja mwenye subira akipiga krosi mpaka giza likaingia. Alikuwa akitazama nyonga zangu, si mpira. Nikikosa bao lakini mkato ukiwa sahihi alinyamaza. Nikifunga kwa mkato mbaya alipuliza filimbi na kutaka turudie.

Mwaka wangu wa tatu nilianza karibu kila mechi. Katika nusu fainali ya ligi ya kanda, tukiwa sare na dakika zikiyoyoma kwenye ile saa inayorudi nyuma, winga wetu alipata nafasi, nikapiga zile hatua mbili, beki akageuza nyonga, nikakata. Sikuuona mpira ukiingia kwa sababu nilikuwa chini na mtu juu yangu. Nilisikia benchi. Bao lile lipo kwenye video, na mama yangu amelionyesha kwa majirani wote wa Kilifi wenye simu na hata wasio na simu. Aliyeniambia kwamba mimi si mfungaji anaweza kulitazama pia.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe. Kwanza, nenda utakakocheza. Najua nimeshasema, na nitalisema tena, kwa sababu kila anayenijibu huanza na neno "lakini". Mshambuliaji ni mchezaji ambaye hapimwi kwa kitu kingine zaidi ya kile anachofanya akiwa uwanjani, na asiyeingia uwanjani hana cha kuonyesha kwa kocha wa timu ya taifa, kwa timu ya kulipwa, wala kwake mwenyewe. Kabla hujakubali, fungua orodha ya wachezaji ya chuo hicho, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na utazame washambuliaji wako mwaka gani wa masomo. Ukiona sita na watano kati yao wako mwaka wa kwanza na wa pili, uliza kwa adabu wewe utacheza wapi. Tazama mechi nzima za timu hiyo, uone kama inacheza na mshambuliaji mmoja, wawili au watatu, na kama mpira unamfikia namba tisa au unapita juu ya kichwa chake. Uliza wangapi wengine wanasajiliwa mwaka wako. Kocha anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Pili, usikubaliane na mtu mmoja. Uliza kocha msaidizi ni nani na amekaa hapo kwa muda gani. Clive Charles, kocha aliyemleta Sinclair Portland, alifariki mwaka 2003, na timu ikachukuliwa na Garrett Smith aliyekuwa msaidizi wake, nao wakatwaa ubingwa mwaka 2005. Huko mwendo wa timu ulidumu baada ya kocha mkuu. Kwangu haukudumu. Ufadhili wako usomwe kwa makini, na wewe pamoja na mzazi wako, muone kama umeandikwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote. Neno la simu halina thamani yoyote mbele ya kocha mpya.

Fedha zenyewe zinahitaji macho mawili. Katika soka ya wanawake si kila mchezaji anayepata ufadhili kamili, na kwa miaka mingi timu za Divisheni ya Kwanza ziligawana ufadhili kamili usiozidi 14, na za Divisheni ya Pili 9.9, kati ya wachezaji wote. Kwa vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya wa Divisheni ya Kwanza ulioanza msimu wa 2025, kikomo hicho kimeondolewa na badala yake timu haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji 28. Chuo kinaweza sasa kutoa zaidi, lakini viti vimepungua, na kiti cha msichana asiyejulikana ndicho cha kwanza kuondolewa. Jambo jingine ambalo hakuna aliyenitahadharisha: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na mwanafunzi wa kigeni asiye na mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba huo. Muhula wangu wa kwanza nilikuta deni kwenye akaunti yangu na nikadhani wamekosea. Muulize kocha, kwa maandishi, ni nani atakayelilipa. Na yale mnayoyasikia kuhusu wanamichezo wa vyuo kulipwa kwa matangazo tangu mwaka 2021, msiyategemee. Viza ya F-1 haikupi uhuru huo, na msichana anayeichezea viza yake kwa ajili ya jozi ya viatu vya bure anahatarisha kila alichokijenga.

Kuhusu masomo nitasema kwa ukali, mnisamehe. NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza na 2.2 kwa ya Pili, na vyeti vyako vya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, vitapimwa kwa kipimo chao. Nimeona video ya msichana mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, mzuri kuliko wangu, na kocha wangu akaifunga baada ya kuona alama zake za hisabati. Ninyi mnaoniambia kwamba mpira ndio kila kitu kwenu, mpira huo hauna mlango mwingine wa kuingilia hapa. Soma. Ukifika soma zaidi, kwa sababu utasoma ndani ya basi usiku, ukitoka mechi ya mbali, taa ndogo juu ya kiti chako na goti lako likiwa limefungwa barafu. Wenzangu walioanguka hawakuangushwa na mabeki.

Usikae nyumbani muda mrefu baada ya Kidato cha Nne ukingoja chuo chenye jina. Saa ya kustahiki kwako, yaani muda unaoruhusiwa kuchezea chuo, huanza kwenda tangu ulipotarajiwa kumaliza sekondari. Kwa kawaida mchezaji wa soka hupewa nafasi ya mwaka mmoja, na baada ya hapo kila mwaka unaocheza mashindano yaliyopangwa unaweza kukukata msimu mmoja wa chuo. Aidha, ukipokea malipo ya klabu yanayozidi gharama zako za lazima, utaulizwa. Sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo msiulize rafiki, muulizeni mtu wa chuo anayeshughulikia ustahiki, na mhifadhi jibu lake.

Lindeni magoti. Wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika mchezo huu, na nimewaona washambuliaji wawili wenye kasi kuliko mimi wakipoteza misimu yao kwa kutua vibaya, bila kuguswa na mtu. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua takriban dakika 20, hayahitaji kifaa chochote isipokuwa mpira, na yanaweza kufanywa pale pale kwenye uwanja wa mchanga wa Mnarani, Kilifi, kuanzia kesho.

Wengine huniuliza kuhusu maisha baada ya chuo. Ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilianza mwaka 2013 na kwa muda mrefu iliwachagua wachezaji wa vyuo kwa uteuzi wa kila mwaka, ambamo timu zilichagua kwa zamu. Uteuzi huo ulifutwa mwaka 2024, na sasa mchezaji hujitafutia timu mwenyewe kwa mkataba. Kwa mshambuliaji wa Divisheni ya Pili hiyo ni habari njema kwa upande mmoja, maana hakuna jina linalosomwa kabla ya lako, na ngumu kwa upande mwingine, maana itakubidi utafute mahali pa kufanyiwa majaribio, na timu ya Ulaya ya daraja la kati mara nyingi hujibu haraka zaidi. Mimi nilipata ofa moja ndogo na nikachagua shahada ya uzamili. Sijuti.

La mwisho ni video, kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayekaa kando ya kocha anapozifungua. Weka vitendo vyako vitatu bora mwanzoni kabisa, kwa sababu akichoka nusu dakika ya kwanza hatafika kwenye bao lako la fainali. Jionyeshe kwa mshale au duara kabla kitendo hakijaanza. Ondoa muziki. Tia angalau vitendo viwili ambamo unamkaba beki na kumpokonya mpira, kisha weka kiungo cha mechi nzima, hata ile uliyoshindwa, maana kocha mzuri atataka kuona unavyokimbia ukiwa nyuma kwa mabao mawili. Katika barua andika mwaka uliomaliza shule, alama za KCSE, namba ya jezi na nafasi unayocheza, kwa mistari michache. Itume kati ya Januari na Mei. Kuanzia Agosti hadi Novemba kocha yuko ndani ya basi, na barua za miezi hiyo mimi ndiye ninayezikuta zimerundikana bila kufunguliwa.